Kishikwambi tumempa, bando je?

Wadau, samahani kwa ukimya, nilikuwa mkoani. Huko nimekaa nyuma ya darasa la tano, watoto tisini na ushee, kipindi cha Sayansi, mada ni moyo wa binadamu. Mwalimu kashika kishikwambi, akapita nacho dawati kwa dawati ili kila mtoto auone moyo unavyodunda. Dakika 40 zikaisha kabla hajafika kwa waliokaa nyuma.

Mnavikumbuka vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022? Kazi ya kuhesabu watu ilipokwisha, Serikali ikavigawa kwa walimu. Uamuzi mzuri, nausifu bila kuona haya. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Sasa swali: mwalimu avipakue kwa bando la nani?

Nilimuuliza. "La kwangu, kaka. Na kuchaji nalipia pale dukani, shule haina umeme."

Tusidanganyane. Hapo mwalimu ndiye anayeifadhili Serikali, tena kwa mshahara ule ule tunaoujua.

Mimi naona hivi: kila shule ya aina hii ipate sola na projekta moja. Vitabu na video vipakuliwe mara moja pale wilayani, walimu wagawiwe kwenye memori kadi. Hapo bando la kila siku halihitajiki. Tukisubiri mtandao ufike kila kijiji, wale watoto wa nyuma watakuwa wameshamaliza shule bila kuuona huo moyo.

Naomba kutoa hoja.