Kipuri Kisichokubali, Usikilazimishe

Ndugu msomaji, yawezekana nawe unayo fremu ya baiskeli iliyoegemea ukuta wa uani, imeshika kutu, na kuku wameigeuza mahali pa kulalia. Kila ukiipita hujiambia kwamba mwaka huu utaiunda upya. Nami nilijiambia hivyo, nikaianza kazi hiyo, nikapoteza fedha ambazo zingewanunulia watoto madaftari. Hasara humfika mwenye mabezo. Leo nakusimulia yangu ili isiwe yako.

Fremu yenyewe ilikuwa Rhotia, wilayani Karatu, nyumbani kwa dada yangu. Ni Raleigh nyeusi ya breki za fimbo, aliyoiacha marehemu mkwewe. Binti wa dada alikuwa amechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, na shule ilikuwa mbali kiasi cha kumlazimu atoke nyumbani kabla ya mapambazuko. Dada hakutumia maneno mengi. Alisema tu, "Kaka, njia ile ina giza." Nikamwahidi kwamba baiskeli itakuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Nilipopata likizo niliingia duka moja mjini Arusha, nikaagiza vitu kwa kujiamini: tairi mbili za ishirini na nane, gurudumu zima la mbele la ishirini na nane kwa kuwa la zamani lilikuwa limepondeka, na vikombe vya gololi vya katikati pale inapopita ekseli ya pedali. Sikuchukua hata kipande kimoja cha zamani mkononi. Muuzaji hakunidanganya, alinipa nilichokitaja. Kosa lilikuwa langu, kwamba nilijua jina la kitu bila kujua kipimo chake.

Karatu nilimpata fundi mmoja mtu mzima, mwenye kazi yake chini ya mti. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akavitazama vipuri vyangu kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Mwanangu," akaniuliza hatimaye, "hivi vitu umevinunua kwa baiskeli ipi?"

Tulianza na tairi la nyuma. Rimu ya zamani ilikuwa nzima, lakini tairi jipya lilikataa kuivuka. Mimi nikashika bisibisi nilisukumizie ndani kwa nguvu, na nilichofanikiwa kukipata ni kutoboa mpira wa ndani. Fundi akaninyang'anya bisibisi, akanionyesha maandishi madogo ubavuni mwa matairi yote mawili. Tairi la zamani lilikuwa na namba 40-635. Langu jipya lilikuwa na 37-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa juu ya rimu. Yote mawili huitwa ishirini na nane, lakini yanapishana kwa milimita 13. Ukilichukua lile kubwa ukalivisha rimu ndogo, litaingia kwa urahisi, nawe utafurahi, kisha siku moja litachomoka njiani.

Ishirini na sita nayo ina mtego wake. Ile ya baiskeli nyingi za zamani za Kiingereza ni 590, na ile ya baiskeli za milimani ni 559. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiulize tairi kwa jina la inchi peke yake. Soma ile namba ya tarakimu tatu.

Jambo la pili lilikuwa vikombe vya gololi. Kimoja kiliingia mzunguko mmoja, kikakwama. Nilikuwa na spana ndefu, na nadhani mwenye spana ndefu hushawishika upesi. Fundi akanizuia tena. Akachukua kikombe cha zamani na kipya, akaziegemeza hesi zake, yaani zile nyuzi za skrubu, mgongo kwa mgongo, akaziinua kwenye mwanga. Zingekuwa ndugu, zingelaliana pasionekane upenyo. Hizi ziliachana wazi.

Sababu yake ni hii. Viwanda vingi viliyofuata kipimo cha Kiingereza huchonga nyuzi 24 katika kila inchi moja ya hesi hiyo. Raleigh, iliyoanza Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, kwa muda mrefu ilikuwa na kipimo chake yenyewe cha nyuzi 26. Unene wa kikombe ni ule ule, kwa hiyo macho hayatambui. Ukilazimisha kikombe cha 24 katika fremu ya 26, chuma kigumu kitakata chuma laini, na hesi ya fremu itakwisha. Kikombe hununuliwa kingine, lakini fremu iliyoharibika hesi haina mbadala wa bei nafuu. Foki ya mbele nayo, pale inapokazwa chini ya usukani, ina tofauti hiyo hiyo.

Upana wa bomba la katikati pia hautoshani. Kipimo cha kawaida ni milimita 68, na Raleigh nyingi za zamani ni pana zaidi ya hapo. Ndiyo maana ekseli ya baiskeli moja hukaa vibaya katika nyingine, na mnyororo ukaenda upande.

Dawa yake ilinitia haya. Fundi aliviosha vikombe vya zamani kwa mafuta ya taa, akapitisha kidole kwenye njia ya gololi. Palikuwa laini, bila vishimo. "Hivi havina ugonjwa," akasema. "Vilikuwa na uchafu tu." Akaweka grisi na gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, na ekseli ikazunguka bila kelele. Nilikuwa nimenunua kisichofaa ili kuondoa kizima.

Hapo pana siri nyingine ya kukumbuka. Kikombe cha upande wa mnyororo kina hesi ya kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kule ambako nati ya kawaida hukazwa. Pedali ya kushoto ni vivyo hivyo. Wengi wamevunja vitu hivi wakidhani wanavifungua.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike. Gurudumu jipya la mbele lilikuwa zuri, la aluminiamu inayong'aa, na tairi la 622 lililikubali mara moja. Lakini breki za fimbo hazibani rimu ubavuni. Raba zake huvutwa juu zikasugua uso wa ndani wa rimu, ule unaoelekea katikati ya gurudumu, nayo rimu ya zamani ilitengenezwa na njia mbili za kusuguliwa hapo. Rimu yangu mpya haikuwa nazo. Raba zilipanda, zikakosa mahali pa kushika.

Zilikuwa zimebaki siku mbili shule ifunguliwe. Nikamwambia fundi, "Mzee, funga hivyo hivyo. Breki ya nyuma itatosha."

Akaweka spana chini. "Huyu mtoto anatoka wapi?"

"Rhotia, mzee."

Hakuhitaji kuongeza. Anayeijua nchi ile ya vilima, yenye udongo mwekundu unaokuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, anajua miteremko yake. Baiskeli inapofunga breki, uzito wa mpandaji huelekea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. La nyuma likibanwa peke yake hupungukiwa na uzito, huburuzika, na kwenye utelezi hukuchukua linakotaka.

"Basi sikupi," akasema. "Utanilipa au hutanilipa, lakini hii haitoki hapa haina breki."

Nilikasirika, nakiri. Usiku ule nikamfikiria yule mtoto mteremkoni asubuhi, na mkoba mgongoni, hasira ikaniondoka. Kesho yake tuliagiza kutoka Arusha rimu ya chuma ya breki za fimbo, 635, yenye matundu 32. Namba hiyo ya matundu nayo ni ya kuangaliwa. Kwa desturi ya Kiingereza gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, na rimu ya matundu 36 haiwezi kusukwa juu ya kitovu cha namba nyingine. Rimu ilichelewa, na mpwa wangu alitembea kwa miguu siku tatu za kwanza za shule. Siku ya nne alipanda.

Barabara zetu zina baiskeli za koo nyingi: Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana kule India, na wako wanaoikumbuka Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam. Kwa mbali zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Ukizifungua ndipo unapojua kuwa kila moja ina mila zake.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujatoa hata shilingi, fanya haya. Kwanza, safisha na uchunguze kila kipande cha zamani, kwani huenda kizima kiko mikononi mwako. Pili, andika kwenye karatasi namba za tairi, idadi ya matundu ya rimu, na unene wa zile pini zinazokaza mikono ya pedali. Ziko za milimita 9 na za 9.5, na pini nyembamba katika tundu pana italegea ikila chuma kila siku. Tatu, nenda dukani na kipande chenyewe mfukoni, uvilinganishe mbele ya muuzaji. Nne, kila kinachofungwa kwa hesi kianze kwa vidole vyako, na kikigoma, kitoe ukipime upya.

Na fundi wako akikataa kukupa baiskeli, muulize sababu kabla hujamnunia. Mimi wangu nilimlipa yote aliyodai, na likizo ijayo nitampelekea sukari.

Tukutane Jumapili ijayo.