Kwenye gemu kinyongo huisha kwa zamu chache, Kericho je?

Kama umewahi kucheza Civilization VI, unaijua alama ya chai. Unatuma mjenzi mmoja, anaweka shamba, basi. Chai ikizidi unawauzia majirani wanaoendeshwa na kompyuta, wanakulipa dhahabu kila zamu. Binamu yangu wa Litein, ambaye akifungua dirisha anaona majani chai halisi, hucheka kila akifika hapo. "Hapa hapakuwa na wenyewe?" aliniuliza Desemba.

Diplomasia ya gemu hii ni hesabu tupu. Mapema unatuma ujumbe wenye zawadi ya dhahabu 25, kisha unatangaza urafiki, baadaye mnafunga muungano wa zamu 30: wa kijeshi, wa utafiti, wa biashara, wewe tu. Tusidanganyane, mshirika wa kompyuta hakusaidii sana vitani. Faida yake ni kwamba mpaka mmoja umetulia hata kama jeshi lako ni la kuhurumiwa (mimi hushinda hivyo). Na skrini inakuonyesha kwa namba kwa nini anakupenda au kukuchukia.

Nyongeza ya Gathering Storm ya 2019 ilileta daftari la malalamiko. Ukimvamia jirani au kuvunja ahadi, unaandikiwa, na viongozi wengine wanaona. Lakini mkikaa kwa amani, malalamiko yanapungua zamu kwa zamu. Wajanja wanalijua hilo: nyakua mji, saini amani, ngoja. Majirani waliokununia wanarudi wenyewe na maombi ya urafiki.

Hapo ndipo gemu inaachana na Kericho na Bomet. Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen. Akauawa papo hapo. Kwenye gemu kitufe hicho hakipo. Huwezi kumuua uliyekaa naye mezani. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa Koitalel, kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Ardhi ya Wakipsigis ikawa mashamba ya walowezi na kampuni za chai.

Zamu ngapi zimepita? Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka uliofuata Mfalme Charles alikuja Kenya, akazungumzia maovu ya ukoloni, lakini msamaha rasmi hakuomba. Daftari halijapungua hata alama moja.

Sasa kuna jambo ambalo mchezaji yeyote angelishtukia. Kwenye gemu malalamiko ni kati ya wawili. Mji ukipita mikononi mwa mtu wa tatu, huyo anaanza na ukurasa safi. Mwaka 2023 kampuni ya James Finlay ilitangaza kuuza mashamba yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na asilimia 15 ya hisa zikatengewa ushirika wa wenyeji. Mashamba yaliyokuwa ya Unilever nayo yakafuata njia hiyo hiyo kwa Browns. Browns hawakumhamisha mtu 1934. Mezani kaingia mchezaji mpya asiye na kinyongo na yeyote, na yule wa zamani anaondoka na pesa zake.

Asilimia 15 ya hisa si kitu cha kudharau, hasa baada ya vijana kuchoma mashine za kuchuma chai Mei 2023 kwa sababu zinawanyang'anya kibarua. Ila hisa ni biashara, dai la ardhi ni kitu kingine, na anayesaini moja asikubali kuambiwa amesaini yote mawili.

Binamu ameanza gemu mpya. Mpaka wake wa mashariki yuko Malkia Victoria wa kompyuta, ametuma ombi la urafiki. Hajamjibu.