Kauli ya 'ni kawaida ya Subaru' inaua injini

Kuna kauli moja imezoeleka mno kwenye gereji za Kigoma Mjini na Ujiji: "Hiyo ni kawaida ya Subaru, we endesha tu." Kijana anafika na Impreza au Forester ya turbo, anaeleza kuwa injini inatoa mlio asioujua, na kabla boneti haijafunguliwa jibu ameshapewa.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Shida ni ile siku moja ambayo si sahihi. Siku hiyo injini inanoki, na ikinoki kwenye mteremko wa barabara ya Manyovu gari likiwa kasi, haliharibiki gari peke yake. Konrodi ikikatika hutoboa bloku, oili humwagika kwenye ekzosi ya moto na barabarani, usukani unakuwa mzito ghafla na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu.

Ni kweli injini hizi zina kelele zake. Pistoni zake zimelala ubavu, zikitazamana, na ule mngurumo wa kukatikakatika unaopendwa na vijana unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Si ugonjwa. Impreza zilizoshinda Safari Rally, mwaka 1997 kwa Colin McRae na 2000 kwa Richard Burns, zilichangia sana kuufanya upendwe Afrika Mashariki. Msonyo wa turbo dereva anapoachia mafuta nao hauna neno, wala tiki-tiki nyepesi ya nozeli. Hata pistoni kugonga kidogo asubuhi injini ikiwa baridi, kisha kunyamaza ikipata moto, si jambo la kukosesha usingizi. Bati la kukinga joto la ekzosi likilegea hulia kama kopo tupu. Bolti moja, kazi imeisha.

Mlio wa kuogopwa una tabia nyingine. Ni mzito, unatoka chini ya injini, na haupungui gari likipata moto. Mara nyingi unazidi, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Unafuata mzunguko wa injini: ukikanyaga unaongeza mwendo, na injini ikiwa kwenye mizunguko kama 2,500 hadi 3,000 kisha mafuta yakaachiwa kidogo, unasikika waziwazi. Hiyo ni beringi ya konrodi. Fundi makini hukata moto wa silinda moja moja. Akifika kwenye ile yenye ugonjwa, kishindo kinapungua. Kisha anamwaga oili. Ikitoka inametameta kama dagaa walioanikwa Kibirizi, hakuna tena mjadala wa kawaida ya Subaru.

Upo pia mlio mkavu, kama kokoto ndani ya kopo, unaotokea gari likipanda kilima kwa gia kubwa. Hapo petroli inalipuka ndani ya silinda bila mpangilio. Turbo nyingi zilizotoka Japani zilitengenezwa kwa petroli ya huko ya oktani hadi 100, halafu hapa zinajazwa ya kwenye madumu isiyojulikana imechanganywa na nini. Dereva anayezidi kukanyaga akiusikia mlio huo anavunja pistoni zake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba wenye mashine za boti ufukweni hapahapa hawana utani na jambo hili. Mashine ikibadili sauti usiku, nahodha anapunguza mwendo na kutazama ufuko ulipo, maana katikati ya Tanganyika hakuna gereji. Dereva wa Subaru yeye amekata sailensa, amefungulia muziki, na beringi inaomba msaada bila kusikika. Taa nyekundu ya oili ikiwaka anajiambia atafika tu Mwandiga. Taa hiyo maana yake ni kuzima injini palepale, si kutafuta sheli iliyo karibu.

Mafundi nao wana deni. Wapo wanaombiwa na mwenye gari wamwage oili ya kawaida na kujaza nzito ili mlio upungue mteja akija kuangalia, nao wanakubali. Huo si ufundi. Ni kumuuzia mtu ajali kwa bei ya injini nzima.

Mnunuzi anayekwenda kuangalia gari ana njia yake ya kujilinda: afike asubuhi bila kutangaza saa, aguse boneti kabla ya ufunguo kuwekwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliwasha gari kitambo, na swali la kwanza liwe kwa nini.