Mashine Itasikia, Nani Ataulizwa?

Ndugu zangu chipukizi, hadithi zetu za ujasusi zimenichosha. Kila muswada una mtambo wa Ulaya unaoona kila kitu, na bosi wa Dar ndani ya kiyoyozi. Mvuvi? Hayumo.

Tangu Kitaya, Mtwara, ishambuliwe Oktoba 2020, vijiwe vya Kilwa navyo vinasema vilevile: wategeshe vihisi baharini mpaka Ruvuma, basi, yamekwisha. Yameisha wapi! Kweli, mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti chini ya maji pwani hii, wakanasa milipuko ya baruti zaidi ya 300. Baruti ina mlio wake. Lakini vihisi vya kijeshi vya siku hizi vinaweza kupiga hesabu hukohuko majini, vikarusha hewani jibu tu. Je, boti ya mashine inayopita Songo Songo usiku bila taa, ni ya gaidi au ya mjomba anayetafuta samaki? Kihisi hujibu kama kilivyofundishwa, na mjomba hakuulizwa.

Zamani ni hivyohivyo. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha delta ya Rufiji, kaskazini yetu tu. Iliangamia tarehe 11 Julai 1915, ndege za Waingereza kutoka Mafia zikielekeza mizinga kwa simu ya upepo. Hapo tunashangilia mtambo! Kumbe kabla yake mwindaji Pretorius alipenya mikokoni kuitafuta, pamoja na Waafrika. Yeye kaingia vitabuni kwa jina. Wenzake wameitwa "wenyeji".

Mnaotaka kuandika riwaya ya vihisi, haya, andikeni. Ila nahodha wa Songo Songo mpeni jina, na mumweke kwenye kikao kabla chombo hakijazamishwa.