Afadhali asembla inayogoma

Watu wa asembli wakikutana, ugomvi ni ule ule: je, NASM ielewe msimbo ulioandikwa kwa MASM au isielewe? Kambi moja inasema andika upya, wacha uvivu. Kambi ya pili inataka NASM imeze faili lolote la MASM bila kuuliza swali. Mimi nasema kambi zote mbili zimepotea njia, na nitawaeleza kwa nini.

Kwa wageni wa mambo haya: asembla ni programu inayogeuza maagizo ya asembli kuwa namba ambazo prosesa inazifahamu. MASM ni ya Microsoft, tangu 1981. NASM ilianza 1996, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Zote zinaandikia prosesa zile zile za Intel na AMD, ila kwa lahaja mbili. Hapo ndipo balaa inapoanzia.

Tazama mstari huu wa biti 32:

mov eax, jumla

Tuseme jumla ni mahali kwenye kumbukumbu palipohifadhiwa 5. Kwa MASM, rejista ya eax inapata 5. Kwa NASM, eax inapata anwani ya jumla, yaani mahali ilipo, si kilichomo. Ukitaka kilichomo kwa NASM unaandika [jumla]. Ukitaka anwani kwa MASM unaandika offset jumla.

Sasa sikia ubaya wake. Asembla zote mbili zinaukubali mstari huo. Hakuna kosa, hakuna onyo. Ni kama Mkenya kumwambia Mtanzania, "Bibi yangu ni mgonjwa." Mkenya anamzungumzia mkewe, Mtanzania anampa pole ya nyanyake. Sarufi ni safi, mazungumzo yanaendelea, na hakuna anayejua kwamba hawajaelewana.

Linganisha na huu:

mov jumla, 1

MASM inakumbuka kwamba jumla ilitangazwa kwa dd, yaani baiti 4, basi inaandika baiti 4. NASM haikumbuki aina za vigezo, tena kwa makusudi. Inataka uandike mov dword [jumla], 1. Ukiipa mstari wa MASM inagoma papo hapo. Unakasirika kidogo, unarekebisha, unaendelea na chai yako. Hasara ndogo hiyo.

Hasara kubwa ni ile ya mstari wa kwanza. Nimewahi kuitwa kwa mteja mmoja ambaye programu yake ya zamani ilihamishwa na fundi aliyefuta kila neno offset kwa mkupuo mmoja, faili likapita kwenye NASM, akalipwa, akaenda zake. Jumla za stakabadhi zikawa mamilioni. Zile hazikuwa pesa, wajameni, zilikuwa anwani za kumbukumbu zikichapishwa kama pesa.

Turudi kwa kambi ya "andika upya". Vitabu vingi vya 8086 vimeandikwa kwa lahaja ya MASM. Mwanafunzi mwenye Linux kwenye kompyuta yake kuukuu afanyeje? Na msimbo ambao aliyeuandika hapatikani tena? Kunakili upya maelfu ya mistari kwa mkono si nidhamu, ni kupanda makosa mapya.

Kambi ya pili nayo inalalamika kwamba NASM imefanya kazi nusu. Toleo la 2.15 la mwaka 2020 lilileta kifurushi cha utangamano, unachokiita kwa kuandika %use masm. Kinatambua PTR, OFFSET, FLAT, SEGMENT na ENDS, PROC na ENDP. Nyaraka zake zinasema wazi kwamba kimekusudiwa hasa msimbo uliotolewa na mashine, na kwamba hakina ASSUME, wala aina za vigezo, wala miundo ya data ya MASM.

Nusu hiyo ina akili. Kompaila ya C ya Microsoft ikitoa asembli huandika DWORD PTR inapotaka kilichomo, na OFFSET inapotaka anwani. Hakuna cha kukisia. Mwanadamu ndiye anayeandika mov eax, jumla na kumwachia msomaji ajazie.

Lakini hapa nina ugomvi na NASM pia. Ndani ya kifurushi hicho, OFFSET inatambuliwa kisha inapuuzwa. Yaani mwandishi anatoa ushahidi wa nia yake, nasi tunautupa! Matokeo yake, mwenye kuandika OFFSET na asiyeandika wanapata jibu lile lile, ilhali kwa MASM maana zao ni mbili tofauti.

Ninachotaka si kikubwa. Mtu akishaandika %use masm, jina la data likitokea peke yake kwenye mov au add, bila OFFSET, bila PTR, bila mabano, asembla ikatae na itaje namba ya mstari. Utaniambia jmp na call hutumia majina matupu. Sawa, hizo ziachwe zinapotaja lebo ya msimbo, maana hapo zinaruka kwenda mahali na lahaja zote mbili zinakubaliana. Utaniambia kuna namba zilizotangazwa kwa equ. Hizo ni namba tupu wala si mahali kwenye kumbukumbu, na asembla inajua tofauti hiyo.

Utamangamano haupimwi kwa idadi ya faili zilizopita bila kosa. Unapimwa kwa faili zilizopita na bado zinasema kile mwandishi alichosema. Pale asembla isipokuwa na hakika, igome. Programu inayogoma mbele ya fundi inarekebishwa siku hiyo hiyo. Inayokisia inagunduliwa na mwenye duka, akiwa na stakabadhi mkononi na mteja mbele yake.

Anayepinga alete hoja, na alete na mstari wa msimbo.