Mnavu na jirani yake mwenye miiba

Mvua za kwanza za Novemba zikishaloweka udongo wa Soweto, jijini Mbeya, haichukui muda mboga kuanza kujiotea nyuma ya nyumba. Hakuna aliyezipanda. Zinatokeza pale palipokuwa na banda la kuku, pale mama anapomwaga majivu ya jikoni, na kando ya shimo la taka. Ni mnavu, ambao wengine huuita mnafu. Jioni mtoto hukabidhiwa bakuli na kuambiwa, "Kachume mboga pale nyuma," naye hurudi kabla maji ya ugali hayajachemka.

Agizo hilo limelisha familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Lakini mvua hiyohiyo, kwenye udongo huohuo wenye rutuba, huotesha pia mmea mwingine unaoitwa mnanaha. Huo ni sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Mtoto anayetumwa kuchuma peke yake lazima awe anajua kuitofautisha mimea hiyo miwili, na wa kumfundisha ni mzazi wake.

Mboga iliyopandwa na ndege

Mnavu una mashabiki kila kona ya Afrika Mashariki. Wakikuyu huuita managu, Wajaluo osuga, na Wakisii rinagu. Wazee wengi husema mboga hii haikupandwa na mtu, na kwa kiasi kikubwa wanasema kweli. Ndege hula matunda yake yaliyoiva, kisha hudondosha mbegu pamoja na kinyesi, na mbegu hizo hulala ardhini zikisubiri mvua.

Uchungu wake nao una hadithi zake. Bibi wengi huamini kwamba kitu kichungu husafisha damu na kutuliza tumbo, na mama aliyejifungua hupikiwa mnavu ili arudishe nguvu. Jambo moja katika imani hiyo lina msingi: majani ya mnavu yana madini ya chuma, chokaa na vitamini A, vitu ambavyo mama mzazi na mtoto anayekua wanavihitaji.

Ulaya, kwa upande mwingine, mnavu umeogopwa kwa miaka mingi, kwa sababu una ndugu mwenye sumu kali na watu wameuchanganya naye. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mnavu ni wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo, na ukoo huo unajulikana kwa kutunza sumu katika baadhi ya sehemu zake. Kila mama wa Mbeya anajua kwamba kiazi kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua hakifai kuliwa. Tunda bichi la mnavu lina tabia hiyohiyo. Likiwa la kijani lina sumu, na mtoto akila mengi anaweza kuumwa tumbo, kutapika na kuharisha. Yale yaliyoiva kabisa, yawe meusi au ya rangi ya machungwa kulingana na aina, watoto wa vijijini wameyala vizazi na vizazi.

Jirani mwenye miiba

Mnanaha nao ni wa ukoo huohuo, na ndiyo maana ukiwa mche mdogo unaweza kumdanganya mtu. Ukikua, tofauti zinaonekana wazi:

Ua la mnavu ni dogo, jeupe, lenye umbo la nyota na kitovu cha njano, na huota kwa vishada. Ua la mnanaha ni kubwa na refu kama tarumbeta, jeupe au lenye zambarau, nalo hufunguka jioni.

Tunda la mnavu ni la mviringo, laini, dogo kuliko punje ya njegere au linalingana nayo. Tunda la mnanaha ni kubwa zaidi na limejaa miiba. Likikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyingi.

Jani la mnanaha ni pana, lina kingo zenye meno makubwa yasiyo sawa, na likifikichwa hutoa harufu mbaya.

Simulizi za mnanaha zinatisha. Sehemu nyingi husemwa kuwa anayeula huwa kichaa, huongea na watu wasioonekana na kuvua nguo hadharani. Safari hii simulizi na hospitali zinakubaliana. Sumu yake hukausha mdomo, hutanua mboni za macho, hupandisha joto la mwili, huukimbiza moyo na kumfanya mtu aweweseke. Kuna waganga waliotumia moshi wa majani yake kwa pumu, na hata Ulaya ziliwahi kuuzwa sigara za pumu zilizotengenezwa kwa majani hayo. Lakini kipimo kinachotibu na kinachoua vimekaribiana mno, na jikoni si mahali pa kukitafuta.

Mwaka 2019 huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu karibu 300 waliugua baada ya kula unga wa lishe wa msaada, na watano wakafariki. Uchunguzi ulikuta unga huo umechanganyika na sumu ya mimea ya jamii ya mnanaha. Ikiwa magugu hayo yaliweza kupenya hadi kwenye unga wa kiwandani, kupenya kwenye bakuli la mtoto wa miaka minane ni rahisi zaidi.

Kuhamisha mboga kutoka jalalani

Njia iliyo salama zaidi ni mnavu kuwa na tuta lake, ili mtoto achume palipopandwa na si popote palipoota. Mbegu hazihitaji kununuliwa. Matunda yaliyoiva hukamuliwa ndani ya maji, mbegu zikasafishwa na kuanikwa kivulini. Kwa kuwa ni ndogo sana, huchanganywa na mchanga mkavu au majivu ili zisimwagike zote sehemu moja.

Miche ikifika urefu wa kiganja huhamishiwa kwenye tuta lenye samadi iliyooza, ikiachiana kama sentimita 30. Wenye nafasi ndogo, kama nyumba nyingi za Soweto zilivyo, wanaweza kutumia ndoo iliyotoboka au kiroba cha zamani. Ncha hukatwa mapema ili matawi yachipue pembeni, na maua yakianza huondolewa ili mmea uendelee kutoa majani. Vidukari vikionekana, maji ya sabuni hutosha kuvipunguza.

Onyo moja kwa eneo hili la wakulima wa viazi: mnavu usipandwe palipotoka kuvunwa viazi mviringo au nyanya, kwa kuwa magonjwa yao ni ya familia moja. Mahindi au maharage yatangulie kwanza. Na baridi ya Juni na Julai inapofika, mmea hudumaa. Huo ndio muda wa kuacha mche mmoja au miwili izae mbegu za Novemba inayofuata.

Kabla ya kumpa mtoto bakuli

Jumamosi moja yatosha. Mzazi atembee na watoto kuzunguka nyumba, kila mmoja aonyeshe mnavu uko wapi na ataje alichoutambulia. Mnanaha ukionekana, mkubwa aung'oe akiwa amevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kabla miiba haijapasuka, kisha anawe kwa sabuni. Bibi akiwepo, aulizwe mmea huo unaitwaje kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, kwa sababu jina la kwao mtoto hulikumbuka.

Sheria ya nyumbani iwe fupi: mche usio na ua wala tunda hauchumwi nje ya tuta, na tunda la kijani haliliwi.

Mtoto akishukiwa kula mnanaha, asilazwe kusubiri asubuhi na asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na tawi la mmea wenyewe, ili mganga ajue anashughulika na nini.

Yote hayo hayana nia ya kuuondoa mnavu mezani. Mtoto anayeijua mboga yake kwa ua, kwa tunda na kwa harufu atatumwa nyuma ya nyumba bila mama kuchungulia dirishani, na siku moja atamtuma wake.