Apple yahamisha chipu: Shamba jipya, mkulima ni yule yule

Shika simu yako uiangalie. Ndani yake kuna kidude chembamba, saizi ya ukucha hivi, ambacho ndicho ubongo wake. Hiyo ndiyo chipu, na si zile za kuliwa na kuku. Bila hiyo, simu ya laki moja ni kioo tu cha kujitazamia.

Apple hubuni chipu za iPhone, lakini haizitengenezi. Kazi hiyo hupewa wengine, na hapo ndipo presha yake ilipo.

iPhone ya kwanza mwaka 2007 ilitumia chipu iliyotengenezwa na Samsung ya Korea Kusini. Shida ni kwamba Samsung pia iliuza simu. Mwaka 2011 Apple iliipeleka kortini ikidai imeigwa. Yaani mtu mnayezozana mbele ya hakimu ndiye huyo huyo anakuundia ubongo wa simu yako! Ilibidi Apple itafute mlango wa kutokea, na mwaka 2014 chipu ya A8 ikaenda kwa TSMC, kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987. TSMC haiuzi simu. Kazi yake ni kutengenezea wengine.

Mwaka uliofuata Apple ilijaribu kushika wote wawili: chipu ya A9 ikatengenezwa na Samsung na TSMC kwa pamoja. Wateja walipogundua, ikawa balaa mtandaoni. Kila mtu alitaka kujua simu yake imeangukia upande gani, na waliopata ya Samsung wakalia kwamba betri inaisha mbio. Apple ilijitetea kuwa tofauti katika matumizi ya kawaida ni asilimia 2 hadi 3 tu. Mshika mbili moja humponyoka. Kuanzia A10 ya mwaka 2016, ilibaki na TSMC peke yake, na mwaka 2020 kompyuta za Mac nazo zikaanza kuingia huko.

Biashara ilinoga, lakini hatari ikakua kimyakimya. Chipu za kisasa zaidi duniani, karibu asilimia 90, hutoka Taiwan. China inasema kisiwa hicho ni chake. Juu ya hayo, ardhi yenyewe haitulii: Aprili 3, 2024 ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.2, na baadhi ya wafanyakazi wa TSMC wakaondolewa viwandani. Safari hiyo mambo yalirudi sawa haraka. Lakini je, siku yasiporudi?

Ndiyo maana TSMC inajenga viwanda Arizona, Marekani. Desemba 2022 Tim Cook wa Apple alisimama huko Phoenix na Rais Joe Biden kusherehekea mradi huo. Serikali ya Marekani ikaahidi ruzuku ya Dola bilioni 6.6, na Machi 2025 TSMC ikatangaza kuwa uwekezaji wake utafika Dola bilioni 165. Apple ni mteja mkubwa wa viwanda hivyo.

Sasa tusidanganyane. Arizona imebadilisha shamba, si mkulima. Mwenye kiwanda bado ni TSMC, na teknolojia mpya kabisa huanzia Taiwan kwanza. Hata mashine za kuchora chipu hizo za kisasa zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Kwa hivyo Apple imepunguza hatari ya tetemeko na vita, lakini bado inategemea mikono ile ile.

Na kuna funzo hapa linalotuhusu sisi vijana. Kiwanda cha kwanza cha Arizona kilitarajiwa kuanza kazi 2024. Mwaka 2023 TSMC ikasema kitachelewa hadi 2025, sababu ikiwa uhaba wa mafundi wenye ujuzi wa kufunga mitambo hiyo. Hebu fikiria: Marekani, na doo zote hizo, ilikwama kwa kukosa mafundi, ikabidi wengine waletwe kutoka Taiwan.

Kwetu, Nyeri, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited iko ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Rais William Ruto alipozuru Washington Mei 2024, Ikulu ya White House ilisema itashirikiana na Bunge la Congress ili Kenya iwe nchi ya kwanza Afrika kunufaika na fedha za sheria ya chipu ya Marekani. Ilikuwa habari tamu, lakini ahadi si mshahara.

Hatutatengeneza chipu za iPhone kesho, na anayekwambia hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini duniani kuna chipu nyingi za kawaida, za magari, friji na mita za stima, ambazo hazihitaji mashine ya ASML ya bei ya ndege. Nazo pia zinatafutiwa makao mapya. Wanaozihamisha watauliza kwanza kama stima haipotei, maji yapo, na mafundi wapo. Hayo mawili ya kwanza ni ya serikali. La tatu ndilo la kumuuliza yule anayesema kozi za ufundi ni za waliofeli.